Mtoto wa veterani anaenda chuo Marekani: GI Bill, posho ya Sura ya 35, au msamaha wa ada wa jimbo?

Barua ya binti wa kaka yangu ya kukubaliwa chuo ilifika mwezi wa nne, na kabla chai haijapoa shemeji alikuwa ameshasema, "Ada hatuna shida nayo, baba yake ni veterani." Sote tulioketi pale tuliamini hivyo. Tunaishi pembezoni mwa Dallas, na hapa Texas ni nadra kukaa kwenye harambee ya Wakenya au msiba wa Watanzania usimsikie mtu akisema mwanawe anasoma bure kwa Hazlewood, msamaha wa ada wa jimbo hili kwa familia za maveterani. Kaka alilitumikia Jeshi la Marekani na ana ulemavu ambao VA, wizara inayohudumia maveterani, imeupa asilimia 100, tena wa kudumu. Nani angekuwa na haki kuliko yeye?

Jirani yake alitumikia miaka minne, akatoka mzima, hana hata asilimia moja ya ulemavu. Binti wa jirani huyo yuko chuo kikuu cha umma na hatozwi ada. Binti wa kaka alinyimwa Hazlewood. Tofauti yao ilikuwa moja tu: jirani aliingia jeshini akiwa Houston, kaka aliingia akiwa Massachusetts na akaja Texas baadaye, jeshi lilipompeleka kambi ya Fort Hood.

Ulinganisho huu umetokana na meza ile. Watu wetu wengi waliingia jeshini wakiwa na kadi ya ukaazi tu. Wengine walipitia mpango wa MAVNI, ulioanza 2009 na kusimamishwa 2016, ambao ulitafuta watu wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwemo. Watoto wao wanafika umri wa chuo sasa, na wazazi wanachagua kwa kusikia kwa watu. Kabla hujauliza msaada upi ni mkubwa, jibu haya kwanza: aliingia jeshini akiwa mkazi wa jimbo gani? Bado yumo au alishatoka, na lini? VA imempa asilimia ngapi? Majibu hayo hufunga milango mingine kabisa na kuacha miwili au mitatu wazi. Hiyo ndiyo ya kulinganisha.

Jambo dogo kuhusu neno. Nikisema veterani simaanishi mstaafu mwenye pensheni wala mzee wa vita. Kijana wa miaka 26 aliyemaliza mkataba wake na kuondoka kwa heshima ni veterani. Nimekutana na kina mama ambao hawakuomba chochote kwa kudhani kwamba mume wao "hakustaafu".

Vitu vitatu tunavyoviita "kusoma bure"

Kuna kufutiwa ada, kuna kulipiwa ada, na kuna kupewa posho. Tunavichanganya, na hapo ndipo hesabu ya familia inapoharibika.

Kufutiwa ada ni kazi ya jimbo. Chuo cha umma cha jimbo hilo hakikudai ada, na hakuna pesa inayopita mkononi mwako. Ukihamia jimbo jingine au ukienda chuo binafsi, msamaha huo haukufuati. Kulipiwa ada ni kazi ya serikali kuu kupitia Post-9/11 GI Bill: VA inapeleka pesa chuoni na inamlipa mwanafunzi sehemu ya makazi na vitabu. Posho ni Sura ya 35, ambayo wengi huiita DEA: VA inamwekea mwanafunzi pesa za kila mwezi kwenye akaunti yake, na ada anajijua mwenyewe.

| | GI Bill iliyohamishwa | Sura ya 35 (DEA) | Msamaha wa jimbo |
|---|---|---|---|
| Inategemea nini | Mzazi aliihamisha akiwa bado jeshini | Ulemavu kamili na wa kudumu, au kifo kinachotokana na utumishi | Sheria ya jimbo husika |
| Ada | VA inailipa chuoni | Unailipa mwenyewe kutoka kwenye posho | Inafutwa, kwenye vyuo vya umma vya jimbo |
| Kula na kulala | Posho ya makazi kwa bei za eneo la chuo | Zaidi ya dola 1,500 kwa mwezi kwa anayesoma muda wote | Kwa kawaida hakuna |
| Muda | Miezi 36 igawanywe kwa wote | Miezi 36 kwa kila mtu | Krediti au mihula, kila jimbo na lake |
| Chuo binafsi au nje ya nchi | Ndiyo, kwa kikomo | Ndiyo, kikiwa kimeidhinishwa | Hapana |

GI Bill: nono kuliko zote, na ndiyo inayopotea kirahisi

Mzazi akiwa na haki kamili, miezi 36 ya GI Bill inalipa ada yote ya mkazi kwenye chuo cha umma, hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka, na posho ya makazi inayolingana na ile ya sajini wa ngazi ya E-5 mwenye familia, kwa eneo ambalo chuo kipo. Chuo binafsi kinalipiwa hadi kikomo cha taifa, ambacho kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni karibu dola 30,000. Hakuna msamaha wa jimbo unaofikia kifurushi hicho.

Lakini GI Bill ni ya askari, si ya mtoto. Inamfikia mtoto au mke pale tu askari mwenyewe anapoihamisha, na lazima aihamishe akiwa bado kazini. Awe ametumikia angalau miaka 6 na akubali kutumikia mingine 4. Aliyekwisha kutoka hawezi kurudi nyuma kuihamisha, hata awe na asilimia 100, hata awe na medali kifua kizima. Kaka alitoka akiwa na miezi yake 36 yote. Mtu wa ofisi aliyekuwa akimshughulikia kutoka kwake alimwambia jambo hilo lingesubiri mpaka mtoto awe mkubwa. Mtoto amekuwa mkubwa, na miezi ile kaka anaweza kuisomea yeye mwenyewe tu.

Kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye bado amevaa sare, tafadhali soma hapa mara mbili. Akihamisha, ampe kila mtoto na mwenzi wake angalau mwezi mmoja, hata mtoto huyo awe ananyonya. Akishatoka jeshini anaweza kupunguza na kuongeza miezi kati ya wale aliowataja, ila hawezi kumwongeza mtu mpya. Mtoto aliyepewa mwezi mmoja leo anaweza kupewa ishirini kesho kutwa. Aliyesahauliwa amesahauliwa.

Mke au mume anaweza kuanza kuitumia mara tu, ila hapati posho ya makazi wakati mwenzake bado yuko kazini muda wote. Mtoto anasubiri mzazi afikishe miaka 10 ya utumishi, na yeye awe na miaka 18 au cheti cha kumaliza sekondari. Akifika miaka 26 mlango unafungwa. Posho ya makazi mtoto anaipata hata kama mzazi bado yumo jeshini. Kwa hiyo kama mama na mtoto wote wanataka kusoma na mzazi bado ni askari, miezi ile ina thamani kubwa zaidi mikononi mwa mtoto.

Sura ya 35: ndogo kwa macho, ila haina ubaguzi wa jimbo

Hii ndiyo iliyomwokoa binti wa kaka. Haijali uliingia jeshini ukiwa Massachusetts au Alaska. Inachotaka ni VA iwe imeamua kwamba ulemavu wa veterani ni kamili na ni wa kudumu, au awe amefariki kwa sababu ya utumishi. Maneno hayo mawili, kamili na wa kudumu, yote lazima yawepo. Mtu mwenye asilimia 100 ambayo VA imesema itaipitia tena baadaye hajafika. Toa barua ya uamuzi wa VA uisome hadi mwisho. Kama familia ina haki hii, barua yenyewe huwa inaitaja. Barua ya kaka ilikuwa imeitaja, na ilikaa kwenye droo miaka mitatu.

Kila mtoto anapata miezi yake 36, na mke au mume naye ya kwake. Hakuna kugawana. Nyumba yenye watoto wanne ina miezi 144, jambo ambalo GI Bill haiwezi. Kwa zaidi ya dola 1,500 kwa mwezi, mtoto mmoja anapitisha zaidi ya dola 54,000 katika miezi yake yote. Pesa inaingia baada ya mwezi kuisha, haiingii wakati wa likizo ndefu, na anayesoma nusu muda anapunguziwa. Usimwandikishe mtoto hosteli ya Agosti ukitegemea posho ya Agosti.

Kuna jambo ambalo familia nyingi huligundua kwa mshtuko. Veterani mwenye asilimia 30 au zaidi huongezewa kiasi kwenye malipo yake ya mwezi kwa ajili ya mtoto aliye shuleni, kuanzia miaka 18 hadi 23. Mtoto akianza kupokea Sura ya 35, nyongeza hiyo kwa mtoto huyo inakoma. Posho ni kubwa kuliko nyongeza kwa mbali, kwa hiyo jibu la kawaida ni kuichukua, ila toa taarifa mapema. Usipotoa, VA italipa vyote viwili kwa miezi kadhaa kisha itadai irudishiwe.

Kwa aliyefiwa kuna njia ya tatu, ufadhili wa Fry, uliopewa jina la John David Fry, mwanamaji aliyeuawa Iraq mwaka 2006. Ni kwa watoto na wajane wa askari waliofariki kazini tangu 11 Septemba 2001, na unalipa sawa na GI Bill kamili: ada, makazi, vitabu. Hapa kulinganisha ni kwepesi kwa hesabu na kuzito kwa moyo. Kwenye chuo cha gharama au mji wa kodi kubwa, Fry inaishinda Sura ya 35 kwa mbali. Mtoto ambaye ada yake tayari imefutwa na jimbo aweke mezani posho zote mbili kabla hajasaini, kwa sababu kwa walio wengi ukichagua moja umeiacha nyingine moja kwa moja. Mjane asijaze fomu hiyo peke yake wiki ya matanga.

Majimbo: hapa ndipo watu wanapopotoshana

Texas nitaikalia zaidi kwa sababu ndiko tuliko wengi na ndiko uvumi ulikojaa.

Hazlewood, iliyochukua jina la seneta wa jimbo Grady Hazlewood, inafuta ada hadi krediti 150, yaani vipimo vya masomo ya chuo, kwenye vyuo vya umma vya Texas. Kwa chuo kikuu chenye ada inayopita dola 10,000 kwa mwaka, hiyo ni digrii nzima na ziada. Veterani awe ametumikia zaidi ya siku 180 ukiondoa mafunzo, awe ameondoka kwa heshima, na alipoingia jeshini awe alikuwa mkazi wa Texas, au aliingilia Texas, au kumbukumbu zake za kujiunga ziliandika Texas kuwa ndiko kwao. Sharti hili la mwisho ndilo lililomfungia kaka. Lilishawahi kupelekwa mahakamani: veterani aliyeingia jeshini akitokea Georgia, akahamia Texas na kutaka kusomea sheria Houston, alishinda mbele ya jaji mwaka 2015, kisha mahakama ya rufaa ya shirikisho ikautengua ushindi huo 2016. Kuishi Texas miaka kumi na kulipa kodi zote hakubadilishi jimbo ulilotokea siku ile ya kwanza.

Tangu 2009 veterani anaweza kumpa mtoto krediti ambazo hakuzitumia. Anapewa mtoto mmoja kwa wakati mmoja, awe na miaka 25 au pungufu siku ya kwanza ya muhula, awe mkazi wa Texas, na maendeleo yake darasani yaridhishe. Hii ndiyo aliyotumia jirani. Na veterani wa Texas mwenye asilimia 100 ana bora zaidi: mwenzi na watoto wake wanapata krediti 150 zao wenyewe, kila mmoja, bila kugusa za baba au mama.

Kuna sehemu moja ya Hazlewood ambayo ningependa kila familia yetu iijue. VA inamtambua mtoto wa kuzaa, mtoto aliyeasiliwa kisheria, na mtoto wa kambo anayeishi nyumbani. Sisi mtoto wa ndugu ni mtoto. Umemlea tangu ana miaka sita, anakuita baba, ila kwenye karatasi za VA si wako. Texas, kwa mtoto anayerithishwa krediti, inamkubali pia yule ambaye veterani amemwandika kama mtegemezi kwenye kodi ya mwaka huu au uliopita. Mpwa uliyemleta kutoka Kisumu au Bukavu, akiwa mkazi halali wa jimbo na yumo kwenye fomu yako ya kodi, anaweza kuingia humo. Kama unamlea mtoto wa ndugu yako, itazame fomu ya kodi mwaka mmoja kabla ya chuo.

California inageuza swali. Haiulizi veterani aliingilia wapi jeshini. Inamtazama mwanafunzi, awe mkazi wa California. Msamaha wake wa CalVet una mipango minne, na miwili ndiyo inayowahusu wengi. Mpango A ni kwa familia ya veterani mwenye ulemavu kamili au aliyefariki kwa sababu ya utumishi wa wakati wa vita. Mtoto awe hajaoa wala kuolewa, awe chini ya miaka 27. Mpango B ni kwa mtoto wa veterani mwenye ulemavu unaotokana na utumishi hata ukiwa mdogo, hauna kikomo cha umri, ila kipato cha mtoto, pamoja na thamani ya msaada anaopewa na mzazi, kisivuke kiwango kinachotangazwa kila mwaka. Mzazi mwenye asilimia 10 ya maumivu ya goti, anayedhani hana chochote cha kumpa mwanawe, yuko kwenye Mpango B.

Sasa hapa ndipo ulinganisho unapolipa. Mpango A hauendi pamoja na Sura ya 35, uchague kimoja. Mpango B unaenda nayo. Kwa hiyo mtoto wa veterani mwenye ulemavu kamili, ambaye kipato chake hakivuki kiwango hicho, mara nyingi anafaidika zaidi akiomba Mpango B, ada ifutwe, na posho ya Sura ya 35 iingie mfukoni kila mwezi. Kwenye chuo cha mfumo wa CSU, vyuo vikuu vya umma vya California State University, ambako ada ya mwaka 2025–26 ni dola 6,450, hiyo ni tofauti ya kuishi vizuri na kufanya kazi usiku. Watu wengi huomba A kwa sababu inasikika kubwa.

Kikwazo cha California ni kwamba msamaha unagusa ada za mfumo mzima tu. Ada ndogondogo za kampasi, vitabu, bweni na chakula vyote vinabaki.

Virginia ndiyo ningemshauri askari aliyezunguka sana aiangalie. Mpango wao, VMSDEP, unafuta ada na michango ya lazima kwa mihula minane, kwa mwenzi na kwa mtoto wa kati ya miaka 16 na 29, veterani akiwa na ulemavu wa kudumu wa angalau asilimia 90, au alifariki, au alipotea vitani. Anakubaliwa aliyekuwa mkazi wa Virginia alipojiunga, au aliyeishi huko miaka 5 mfululizo kabla ya kuomba. Kaka angekuwa Virginia miaka aliyoishi Texas, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Sura ya 35 inaweza kutumika sambamba nayo. Mwaka 2024 wabunge wa jimbo waliupunguza mpango huo kupitia bajeti. Familia zikapiga kelele, zikajaa kwenye kumbi za bunge Richmond, na Julai mwaka huohuo masharti mapya yakafutwa na pesa zikaongezwa. Nalitaja ili ujue kwamba msamaha wa jimbo ni sheria ya jimbo, na sheria hubadilishwa na bajeti ya mwaka mmoja. Mtoto akiwa na miaka 12, usimjengee mpango mzima juu ya msamaha mmoja.

Wisconsin ina wepesi wake: mtoto au mwenzi anafuzu veterani akiwa na asilimia 30 tu, kwa krediti 128 au mihula minane, na jimbo linamkubali pia aliyehamia na kukaa miaka 5 mfululizo. Kentucky, ambako Louisville na Lexington zimejaa familia za Kikongo, inawafutia ada watoto wa veterani mwenye ulemavu wa asilimia 100 hadi miaka 26. Maine nayo, nyumbani kwa Wanyarwanda, Warundi na Wakongo wengi wa Portland na Lewiston, ina msamaha kwa familia za wenye ulemavu kamili na wa kudumu. Yapo majimbo mengine mengi yenye sheria zao. Mahali pa kuuliza ni idara ya maveterani ya jimbo lako, halafu afisa wa maveterani chuoni, kwa mpangilio huo.

Je, inaweza kuunganishwa?

Mara nyingi ndiyo, na hili ndilo watu wasilolijua. Kanuni niliyoishika ni hii: pesa mbili zinazolipa ada ileile hugongana, pesa ya ada na pesa ya kuishi hupatana. Hazlewood na Sura ya 35 zinakaa pamoja, kwa sababu Sura ya 35 haijatengwa kwa ada. Hazlewood na GI Bill zinagongana kwa muhula mmoja, GI Bill inapokuwa tayari imemaliza ada yote.

Kutokana na hapo, kama familia ina GI Bill iliyohamishwa na pia ina msamaha wa jimbo, na jimbo linaruhusu, mimi ningetumia msamaha kwa digrii ya kwanza kwenye chuo cha umma, na ningeitunza GI Bill kwa masomo ya juu, kwa mtoto atakayetaka chuo binafsi, au kwa mji ambao kodi ya chumba inatisha. Wapo watakaonipinga, hasa mtoto akiwa anakaribia miaka 26, na kwa mtoto huyo wana haki: mwezi unaoisha muda haumsaidii mtu.

Na fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ijazwe hata kama ada imefutwa. Ruzuku ya Pell inafika dola 7,395 kwa mwaka, hairudishwi, na misaada ya elimu ya VA haihesabiwi kama kipato. Familia ya kipato cha kawaida inayoacha FAFSA kwa sababu "mtoto amepata bure" inaacha pesa ya bweni mezani.

Karatasi za kutoka nyumbani

Haya hayamo kwenye vipeperushi vya Marekani, na ndiyo yanayotuchelewesha sisi. Hati ya DD-214, ile ya kutoka jeshini, inasema Mohamed, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema Muhammed. Cheti cha mtoto kimeandikwa miaka tisa baada ya kuzaliwa kwake, jina la baba halipo. Ndoa ilikuwa ya kimila, mahari ililipwa, wazee walishuhudia, cheti hakuna. Cheti kimetoka Goma na kiko kwa Kifaransa. Kila moja ya hizo inarekebishika, kwa kiapo cha mahakama, kwa cheti kipya cha msajili, kwa tafsiri iliyothibitishwa, ila hairekebishiki wiki mbili kabla ya muhula. Anza mtoto akiwa darasa la kumi.

Mtoto wa kuasili, kwa VA, awe ameasiliwa kabla ya miaka 18, au kabla ya 23 akiwa masomoni. Kwa GI Bill, mtegemezi lazima awe ameandikishwa kwenye DEERS, daftari la jeshi la askari na familia zao, kabla ya kuhamishiwa. Wapo askari wetu ambao watoto wao wako kwa bibi Moshi au Machakos na hawajawahi kuandikishwa kokote. Kwa jeshi, watoto hao hawapo.

Na kwa mtoto anayetaka kusomea Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, misaada ya serikali kuu ndiyo inayovuka bahari, mradi chuo na programu ya digrii viwe vimeidhinishwa na VA. Itafute kwanza kwenye orodha ya VA ya mtandaoni kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu. Msamaha wa jimbo haupandi ndege.

Kwa hiyo, nyumba ipi ichague nini?

Aliyeingilia Texas na kutoka salama: Hazlewood, kisha Pell kwa kuishi. Mwenye ulemavu kamili na wa kudumu aliyeingilia jimbo jingine na sasa yuko Texas, kama kaka: Sura ya 35, chuo cha jamii (community college) miaka miwili ya mwanzo, mtoto alale nyumbani. Mwenye asilimia ndogo na anaishi California: Mpango B. Mwenye 90 na ana miaka 5 Virginia: VMSDEP na, kama ulemavu umeamuliwa kuwa kamili na wa kudumu, Sura ya 35 juu yake. Familia iliyofiwa: keti na mtu anayeijua Fry na Sura ya 35 zote mbili kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Binti wa kaka ameanza chuo cha jamii. Posho yake ya kwanza iliingia mwisho wa Septemba, Pell ililipa ada, na mama yake ametuma cheti cha chuo kwa CHAMPVA, bima ya afya ya VA kwa familia, ili bima yake iendelee hadi miaka 23, jambo ambalo nusura tulisahau.

Mpwa wetu yuko kambi ya Fort Bliss, mwaka wa saba jeshini, na anatarajia kusaini mkataba mwingine. Ana watoto watatu. Jumapili nilimpigia simu tukaingia pamoja kwenye ukurasa wa kuhamisha miezi. Majina mawili yalitokea. La tatu halikuwepo, kwa kuwa mtoto alizaliwa Januari na bado hajaandikishwa. Amesema Jumatatu atachukua cheti cha kuzaliwa aende ofisi ya vitambulisho kabla ya gwaride, na jioni atanipigia.